Jinsi ya Kuandaa Mchezo wa Shakespeare katika Shule ya Kijiji India: Anza na Mafundi

Kila ifikapo Mei simu yangu huanza kupokea maswali yaleyale kutoka kwa wenzetu wanaosoma ualimu Pune na waliopangiwa mafunzo ya vitendo katika shule za vijijini za Maharashtra. Mkuu wa shule amesikia unatoka Afrika na Kiingereza unakijua, basi amekukabidhi mchezo wa kuigiza wa mwaka huu. Kiingereza cha watoto ni cha kunakili ubaoni. Kimarathi chako ni cha kununulia vitunguu. Jukwaa hakuna. Uanzie wapi?

Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, ndiyo maana nimeyaandika yote hapa. Nimeandaa mchezo uleule mara tatu, na watoto wa darasa la 6 hadi la 8, katika shule mbili. Mara ya kwanza nilivuruga. Nilifungua ukurasa wa kwanza, nikawakaririsha maneno ya mtawala wa Athens na sheria zake, na baada ya wiki tatu nusu ya watoto walikuwa na udhuru wa kuchunga mbuzi.

Mchezo ninaoushauri ni A Midsummer Night's Dream. Kuanzia hapa nitauita Ndoto. Shakespeare aliuandika karibu mwaka 1595 au 1596, ukachapwa 1600. Usiogope umri wake. Ndani yake mfalme na malkia wa vibwengo wanagombania mtoto wa Kihindi, ambaye mama yake alifariki akimzaa. Kwa ugomvi huo mvua zinaharibika, mito inafurika, ng'ombe wa kulimia anavuta nira bure na nafaka inaoza ikiwa bado mbichi. Na mafundi sita wa mjini, akiwemo mfumaji na seremala, wanaamua kuandaa mchezo wa kuigiza ingawa hawajui lolote kuhusu uigizaji. Yaani ni mchezo unaohusu watu walio katika hali yako hasa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ruhusa ya mkuu wa shule kwa maandishi, pamoja na kikao kimoja na kamati ya shule. Sheria ya haki ya elimu ya mwaka 2009 inaitaka kila shule ya serikali iwe na kamati hiyo, robo tatu ya wajumbe wakiwa wazazi. Wakikubali wao, kijiji kimekubali.
- Mwalimu mwenyeji wa kushirikiana naye. Mimi nilikuwa na Madam wa Kiingereza (huko walimu huitwa Sir na Madam, jina hulisikii). Usipompata mtu wa namna hii, usianze kabisa.
- Watoto 24 hadi 30.
- Nakala ya mchezo. Haki miliki imekwisha zamani, kwa hiyo unaweza kuchapa, kukata na kubandika utakavyo.
- Wiki 10, siku tatu kwa wiki, dakika 50 kila siku. Zaidi ya hapo watoto wanachoka na wazazi wananuna.
- Magazeti ya zamani, kikapu chepesi, unga wa ngano, kamba, rangi, shuka na mitandio ya kuazima. Mara zote tatu tulitumia chini ya rupia 2,000, nyingi zikienda kwenye nakala na rangi.
- Daftari la vitu vya kuazima: nani katoa nini, lini kirudi. Hili usilipuuze, utaona mwishoni.

Hatua ya 1. Panga tarehe kwa kalenda ya kijiji

Shule za Maharashtra hufunguliwa katikati ya Juni. Sikukuu ya Ganesh huangukia mwishoni mwa Agosti au ndani ya Septemba, kwa kufuata mwezi. Lenga hapo. Tangu Tilak, mpigania uhuru wa India, alipoihimiza isherehekewe hadharani mwaka 1893, sikukuu hii imekuwa na michezo, nyimbo na mashindano, kwa hiyo kijiji kitakuwa tayari na jukwaa, turubai, umeme na vipaza sauti ambavyo hukuvilipia wewe. Nenda na Madam kwa vijana wa kamati ya sikukuu, uombe alasiri moja tu. Kama shuleni kuna watoto wa dini nyingine ambao wazazi wao hawapendi jukwaa hilo, uliza mapema, ufanyie mchezo kwenye uwanja wa shule.

Wengi huambiwa wangoje sherehe ya shule ya Desemba au Januari. Kwenye shule za mjini ni sawa. Kijijini, hasa wilaya ya Beed na majirani zake, baada ya Diwali familia nyingi hupakia vyombo kwenye mkokoteni na kwenda kukata miwa kwa ajili ya viwanda vya sukari vya magharibi mwa jimbo. Watoto huenda nao, hawarudi hadi karibu Machi au Aprili. Utaamka Jumatatu ukute mhusika wako mkuu yuko kilomita 300 na binamu zake. Mwalimu mgeni huona ni utoro. Sio utoro.

Hatua ya 2. Zungumza na wazazi kabla ya watoto

Kwanza, chunga neno tamasha. Kwetu tamasha ni shangwe tu. Maharashtra tamasha ni aina maalumu ya mchezo wa jukwaani wenye nyimbo na densi za lavani. Ni sanaa kubwa, lakini wanawake wanaoicheza wamebebeshwa dharau kwa vizazi. Nilimwambia baba mmoja kwa bashasha zote kwamba binti yake atang'ara kwenye tamasha letu. Siku mbili binti hakuonekana shuleni. Sema natak, yaani tamthilia, na mwache Madam aseme.

Pili, usiwafiche hadithi. Ndani ya Ndoto kuna msichana, Hermia, anayelazimishwa na baba yake kuolewa na kijana asiyemtaka, naye anatoroka usiku na mpenzi wake. Kijijini jambo hili si la kuchekea. Wazazi wakilisikia siku ya onyesho umekwisha. Waeleze mapema mambo mawili yaliyomo katika mchezo wenyewe: vijana hao wanakimbilia nyumbani kwa shangazi wa kijana ili wafunge ndoa, na usiku wanapolala msituni Hermia anamwambia mwenzake asogee mbali, alale upande wa kule, kwa heshima. Nilipolisema hilo kikaoni, bibi mmoja wa kamati aligonga sakafu kwa kiganja na kusema kitu ambacho Madam alikitafsiri hivi: "Huyo msichana kalelewa."

Tatu, wahakikishie saa. Mazoezi yaishe kabla ya basi jekundu la mwisho na kabla ya giza. Msichana akichelewa jioni moja tu, hutampata tena.

Onyo: kuna mwalimu atakayekushauri uligeuze onyesho kuwa somo la ndoa za utotoni. Sheria ya mwaka 2006 ipo na kila mtu anaijua, miaka 18 kwa msichana na 21 kwa mvulana. Waache akina baba wabishane wenyewe juu ya yule baba wa Athens. Watabishana, tena kwa sauti, na hutahitaji hotuba.

Hatua ya 3. Simulia hadithi kwa Kimarathi, bila karatasi

Wiki mbili za kwanza usigawe karatasi yoyote. Madam asimulie, wewe uigize kwa mwili pembeni yake. Watoto wacheke Kimarathi chako. Kicheko hicho ni mtaji.

Mlango wa kuingilia ni Puck, kibwengo mtundu anayepoteza wasafiri usiku. Huna haja ya kumweleza. Uliza tu: nani babu yake aliwahi kupotezwa na chakwa? Chakwa ni mzuka wa huko, ukikukamata usiku unazunguka shamba lilelile hadi alfajiri. Mikono yote itanyooka. Kila mtoto ana babu, na kila babu ana kisa. Tulitumia kipindi kizima kusikiliza visa, na mwishoni mvulana mmoja akauliza kama Mwingereza huyo alikuwa na babu Maharashtra.

Siku ya pili simulia ugomvi wa mvua. Ya tatu, simulia mafundi.

Hatua ya 4. Kata mchezo, kisha gawa lugha

Mchezo mzima una mistari zaidi ya 2,000. Watoto hawa, kwa mwendo wao, watamudu 400 hadi 500 kwa dakika 45. Bakiza: kesi ya Hermia kwa ufupi sana, mafundi wakigawana nafasi, ugomvi wa Oberon na Titania (ndio mfalme na malkia wa vibwengo), ua lenye dawa ya mapenzi, Bottom yule mfumaji kugeuzwa punda, vijana wanne wakikosana msituni (mara moja, si mara tatu), na mchezo wa mafundi karibu wote. Hotuba ndefu za mtawala kata bila huruma.

Sasa swali ninaloulizwa kuliko yote: Kiingereza au Kimarathi? Zote mbili, kwa mpango huu:

- Vibwengo: Kiingereza. Mistari yao ni mifupi, ina vina, inaimbika.
- Mafundi wakiongea wao kwa wao: Kimarathi cha kijiji hicho, si cha kitabuni.
- Mafundi wakiigiza mchezo wao mbele ya mtawala: Kiingereza, kibovu kwa makusudi.
- Watawala na vijana wapenzi: Kiingereza kifupi, na msimulizi mmoja wa Kimarathi kando.

Wazazi wanataka kumsikia mtoto akisema Kiingereza mbele za watu, na watakisikia. Nyanya asiyejua neno la Kiingereza naye afuate hadithi. Mwalimu mkuu akikuambia kuchanganya ni kuharibu, mweleze kwamba mwaka 2006 mchezo huuhuu ulichezwa na waigizaji wa India na Sri Lanka kwa lugha saba ndani ya onyesho moja, ukapelekwa hadi Uingereza. Na wewe mwenyewe kama bado una shaka, kumbuka Mwalimu Nyerere aliitafsiri michezo miwili ya mtu huyuhuyu akiwa na nchi ya kuongoza, na Kaizari hakupungukiwa kitu kwa kufa kwa Kiswahili.

Hatua ya 5. Gawa nafasi

Kila nafasi watoto wawili. Kila nafasi, narudia. Homa, miwa, harusi ya shangazi, mahindi ya kupalilia: mmoja atakosekana. Wote wawili wapande jukwaani, mmoja nusu ya kwanza na mwingine ya pili, wakabidhiane mtandio au kofia mbele ya watazamaji. Watu wanaelewa mara moja.

Usigawe kwa alama za darasani. Angalia nani anasimulia visa wakati wa chakula cha mchana. Mvulana anayefukuzwa darasani kwa kuchekesha ndiye Bottom wako. Na kijiji kitamtambua, kwa sababu ndiye songadya, mchekeshaji wa jukwaa lao.

Mtoto mwenye haya kuliko wote mpe Simba. Shakespeare kamuandalia. Fundi anayepewa nafasi ya simba anaomba apewe maneno mapema kwa sababu yeye ni mzito wa kukariri, anajibiwa kwamba kazi yake ni kunguruma tu. Baadaye anapata mistari minane, ya kuwaambia akina mama wasiogope, yeye ni fundi tu. Mwaka wa pili Simba wetu alikuwa msichana ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake tangu Juni. Alinguruma hadi mbwa wa dukani akakimbia.

Onyo kubwa: tazama nani anamtumikia nani. Ukiwaacha watoto wajipange wenyewe, wa matabaka ya chini watajikuta wao ndio watumishi, wabeba viti na miti ya msitu. Hawatakulalamikia. Wewe na Madam kaeni na orodha usiku, mpange upya bila kutangaza sababu.

Hatua ya 6. Maneno yaingie kwa masikio

1. Sema mstari mmoja. Watoto warudie wakitembea duara.
2. Piga makofi penye mkazo. Mstari wa kibwengo "Over hill, over dale" una makofi mawili tu. Wakikosea kofi, mguu utawasahihisha.
3. Mtoto amwambie mwenzake maana yake kwa Kimarathi. Akishindwa, hajaujua, hata kama anautamka vizuri.
4. Hapo ndipo umpe karatasi.

Wengi wataandika Kiingereza kwa Devanagari, yaani herufi za Kimarathi, kwenye daftari. Ruhusu kwa wiki tatu kama mkongojo, kisha uutoe.

Usihangaike na lafudhi. Kimarathi kina herufi moja kwa V na W, kwa hiyo fundi anayeigiza Ukuta (Wall) atajitambulisha kama "Vall". Mwache. Kinachoua mchezo wa wazi ni maneno ya mwisho wa mstari kumezwa, basi hilo ndilo la kupigania kila siku.

Hatua ya 7. Mafundi kwanza, wafalme mwisho

Mazoezi ya kusimama yaanze na mafundi, yaendelee na mafundi hadi wiki ya tano. Wana sababu ya kuogopa jukwaa, ya kusahau maneno, ya kuingia kabla ya wakati. Kila kosa la mtoto lina nyumba humo.

Mfano ni Quince, seremala anayesoma utangulizi. Shakespeare kauandika ukiwa na vituo mahali pasipo pake, hivi kwamba maneno ya heshima yanageuka matusi, na mtawala anasema jamaa huyu hajali vituo. Mtoto wetu asiyejua kupumua kwenye nukta alikuwa tayari bingwa. Tulichofanya ni kumfundisha ajue kwamba anakosea, na akosee palepale kila siku. Huko kujua ndiko kulikomfundisha nukta. Nilikuwa nimetumia muhula mzima kumfundisha kwa chaki.

Kabla ya hapo, wapeleke mafundi wako kwa mafundi wa kweli. Kijiji kina seremala, fundi cherehani, pengine na mfumaji. Watoto wakae saa moja wakitazama jinsi mtu anavyokaa, anavyofunga jicho kupima ubao, anavyoweka sindano mdomoni. Kisha waalike mafundi hao kuangalia mazoezi. Seremala wetu alimsahihisha Quince namna ya kushika randa mbele ya kila mtu, na siku ya onyesho alikaa mstari wa mbele na shati la Diwali. Habib Tanvir, mwongozaji aliyefanya kazi miaka mingi na waigizaji wa vijiji vya Chhattisgarh, aliutoa mchezo huu na watu wake mwaka 1993. Ndiyo njia tunayoifuata, kwa hatua za kitoto.

Hatua ya 8. Tengeneza kichwa cha punda

Anza wiki ya tatu. Ni masika ya kwao, hewa ni maji matupu, karatasi itachukua siku tatu kukauka mahali ambapo kiangazi ingechukua saa tatu.

1. Tafuta kikapu chepesi cha mianzi kinachoingia kichwani mwa Bottom. Kigeuze. Kata upande wa mbele ili uso wote, kuanzia nyusi hadi kidevu, ubaki wazi. Kichwa cha punda kikae juu ya paji, kama kofia.
2. Funga fito mbili za mianzi zitokeze mbele kuwa pua, uzizungushie kamba.
3. Pika gundi: kikombe 1 cha unga wa ngano, vikombe 5 vya maji, koroga hadi iwe uji mwepesi. Ongeza kijiko cha unga wa uwatu. Unasaidia kushika, na wadudu hawaupendi.
4. Chana magazeti vipande vya vidole viwili. Bandika tabaka nne. Kila tabaka likauke kabla ya jingine. Ukiharakisha, ndani kunaota ukungu na Bottom atapiga chafya kwenye mapenzi ya Titania.
5. Masikio ya boksi yenye waya ndani, ili yatikisike. Masikio ndiyo yanachekesha kuliko yote, usibane matumizi hapo.
6. Rangi ya kijivu, vishada na njuga za sikukuu ya Pola, siku wanayopambiwa ng'ombe wa kulimia. Waombe wenye ng'ombe, watakupa vya mwaka jana.
7. Vitambaa viwili vya kufungia chini ya kidevu. Mtoto aruke mara kumi. Kikianguka, rudi nyuma.

Kosa la kila mtu ni kufunika uso. Kichwa kinapendeza kwenye picha, ila hakuna anayesikia neno.

Mengine ni rahisi. Ukuta ni mtoto mwenye gunia lililopakwa udongo. Mwezi ni kandili, kifungu cha miiba na mbwa. Mbwa awe wa matambara, usijaribu wa kweli. Msitu ni majani ya muhindi yaliyoshikwa na watoto wa darasa la 5, nao hawatulii, kwa hiyo ni msitu wenye upepo.

Hatua ya 9. Muziki

Kikundi cha bhajan, yaani nyimbo za ibada, cha kijiji kina kinanda, ngoma na matoazi, na kinajua nyimbo za usiku. Waombe wapige Titania anapolala na mwishoni. Usiwafundishe chochote.

Hatua ya 10. Hamia uwanjani

Wiki ya nane toka darasani. Simama mbali, umbali wa mti wa mwisho, ufumbe macho. Neno usilolisikia, mtoto alirudie, si kwa kupiga kelele bali kwa kulikamilisha. Kipaza sauti cha sikukuu mpe msimulizi peke yake. Watoto 24 wakigombea kipaza kimoja utapata mchezo wa kipaza.

Anza onyesho saa kumi na nusu alasiri, umalize kabla jua halijazama. Utaniambia mchezo ni wa usiku. Shakespeare naye alichezewa alasiri, mchana kweupe, na watazamaji wakaamini giza. Tena mafundi wenyewe wana mjadala huu: wanafungua kalenda kutazama kama mwezi utakuwepo siku yao. Wetu walichukua kalenda ya ukutani ya kweli, ile ya tarehe za mwezi iliyomo kila nyumba, na watazamaji wakaanza kuwasaidia kuhesabu.

Hatua ya 11. Siku yenyewe

Watoto wale saa mbili kabla, si nusu saa. Nazi itavunjwa mbele ya jukwaa, ndiyo desturi; mpe mzee heshima hiyo. Kisha kengele tatu. Michezo ya Kimarathi huanza kwa kengele ya tatu, na kengele ya shule inatosha. Ya kwanza watu hukaa, ya pili hunyamaza, ya tatu Quince hutoka. Mkumbushaji akae pale watoto wanapomwona, tena asome Kimarathi na Kiingereza. Mkumbushaji wetu alikuwa Madam, chini ya meza.

Mambo yakienda kombo

*Mtoto kasahau kila kitu.* Mwenzake wa nafasi hiyo yuko pembeni, amkabidhi mtandio na aendelee. Mlilifanyia mazoezi.

*Mvua imeanza, turubai linanguruma.* Usishindane nayo. Ashiria kikundi cha bhajan, watoto wote wacheze duara hadi ipungue. Titania alishasema mvua zimeharibika kwa ugomvi wao, kwa hiyo mtoto mwerevu atamgeukia Oberon na kumlaumu. Mwaka wa tatu ndivyo ilivyokuwa, na sikumfundisha mimi.

*Umeme umekatika.* Kama ulianza saa kumi na nusu, haikuhusu. Kama ulichelewa, kuna karabai mbili ulizoziazima, sivyo?

*Mtu mzito wa kijiji anataka kuhutubia katikati.* Muombe ahutubie kati ya kengele ya kwanza na ya pili. Akikataa, mpe baada ya Bottom kugeuzwa punda, watoto wapate nafasi ya kufunga kichwa vizuri. Usimwambie sababu.

*Watazamaji wanacheka wapenzi wanapoongea.* Umbali kati yao hautoshi au wanatazamana mno. Waambie waseme wakitazama watu, kama waimbaji.

*Mzazi anakuja wiki ya tisa kumtoa binti.* Usibishane. Mwite aje kutazama mazoezi siku moja, akae na yule bibi wa kamati.

*Kichwa cha punda kimelowa.* Tikisa, funga, endelea. Masikio yakilegea yanachekesha zaidi.

Kesho yake asubuhi, kabla ya chochote, toa lile daftari na urudishe vitu nyumba kwa nyumba ukiwa na watoto wawili. Shuka zifuliwe kwanza. Mwaka wa kwanza nilimrudishia mama wa mtoto aliyeigiza Snout, mmoja wa mafundi, sari ya jirani yake, na mwezi mzima wale wawili hawakusalimiana. Kichwa cha punda usikitupe: kitundike juu kwenye boriti pamoja na majani makavu ya mwarobaini, mbali na panya.